Kyuso: Lugha za wenyeji na mwongozo wa safari

Kyuso ni mji mdogo ulio kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, zaidi ya kilomita 40 kutoka Mwingi na karibu na mstari wa ikweta. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, mji huu uliwahi kuwa makao ya Wilaya ya Kyuso, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mwingi. Leo Kyuso ni kaunti ndogo, nayo imo katika eneo bunge la Mwingi Kaskazini lenye wadi tano: Ngomeni, Kyuso, Mumoni, Tseikuru na Tharaka.

Wanaofika huko ni watu wa aina nyingi. Wapo walimu na wauguzi wanaopewa uhamisho, wanunuzi wa asali, ndengu na mbuzi, jamaa waliolelewa Nairobi au Mombasa wanaokwenda mazishini au kwenye arusi, na watalii wachache wanaoelekea Mto Tana na mbuga ya Kora. Wote hukutana na jambo moja. Mambo ambayo msafiri anahitaji zaidi kuyajua, kama vile mto upi umejaa, kisima kipi kina maji mazuri na njia ipi si salama wiki hiyo, hayaandikwi kwenye ramani. Yamo vinywani mwa wenyeji, na mara nyingi husemwa kwa Kikamba.

LUGHA ZINAZOTUMIKA

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya. Katika ofisi za serikali, shule, hospitali na maduka ya Kyuso, mgeni anayejua Kiswahili hatashindwa kuhudumiwa. Vijana na waendesha bodaboda hukizungumza bila taabu.

Hata hivyo, lugha ya nyumbani, sokoni na barazani ni Kikamba. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6 nchini, na Kaunti ya Kitui pekee ilikuwa na watu 1,136,187. Wazee wengi vijijini, hasa akina mama, hujieleza kwa ukamilifu zaidi katika Kikamba. Mzee akiulizwa kwa lugha asiyoimudu, huenda akajibu "ndiyo" kwa adabu tu, na msafiri akaondoka na jibu lisilo na maana.

Kikamba si kimoja kila mahali. Wataalamu hutenganisha lahaja ya Masaku, inayozungumzwa upande wa Machakos, na lahaja za Kitui ya Kusini, Kitui ya Kaskazini na Mumoni. Lahaja hii ya mwisho imechukua jina la vilima vya Mumoni, ambavyo havipo mbali na Kyuso. Mkamba wa Wote au Kibwezi katika Kaunti ya Makueni huelewana na wenyeji wa Kyuso, lakini akifungua mdomo hutambulika kuwa ametoka mbali.

Wadi ya Tharaka, iliyo upande wa Mto Tana, ina wasemaji wa Kitharaka, lugha iliyo jirani na Kimeru. Ndugu zao wengi wako ng'ambo ya mto, katika Kaunti ya Tharaka Nithi. Kwa upande wa mashariki, kuelekea Kaunti za Tana River na Garissa, msafiri hukutana na wafugaji wa ngamia wanaozungumza Kisomali. Baina ya jamii hizi, Kiswahili ndicho daraja.

MATAMSHI

Kikamba huandikwa kwa irabu saba. Mbali na zile tano za Kiswahili, ipo ĩ, ambayo hutamkwa kati ya i na e, na ũ, ambayo hutamkwa kati ya u na o. Mabango ya barabarani aghalabu huacha alama hizo, hivyo ni vyema mgeni amsikilize mwenyeji akitaja jina la mahali kabla ya kulitaja mwenyewe. Herufi ky katika majina mengi husikika karibu na ch ya Kiswahili, na jina la Kyuso lenyewe ni mfano. Herufi th hutamkwa kama dh katika neno dhahabu.

Sauti r haimo katika Kikamba cha asili. Jiji la Nairobi huitwa Nailovi au Ilovi. Sauti p ya Kiswahili nayo hugeuka v, na kwa hiyo "pole" husikika "vole".

Msemaji wa Kiswahili ana nafuu kubwa, kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu. Njia ni nzĩa, njaa ni nzaa, nyuki ni nzũkĩ, nyoka ni nzoka, mvua ni mbua, mbuzi ni mbũi, mti ni mũtĩ, mtu ni mũndũ. Neno muhimu kuliko yote, maji, halifanani kamwe. Kwa Kikamba maji ni kĩw'ũ.

Ajuaye Kikikuyu naye ajihadhari. Kwa Wakikuyu, mũtumia ni mwanamke aliyeolewa. Kwa Wakamba, mũtumĩa ni mzee mwanamume mwenye heshima, na atumĩa ni wazee wa baraza. Mgeni akiambiwa aende kwa mũtumĩa wa kijiji, asimtafute mwanamke.

SALAMU NA HESHIMA

Mgeni hatakiwi kuanza na swali. Huanza na salamu, hungoja jibu, na ndipo hueleza haja yake. Anayesimamisha gari na kuuliza njia kupitia dirishani bila kusalimu huonekana hana adabu, na huenda akajibiwa kwa mkato.

Salamu rahisi kwa mtu mmoja ni "Wĩ mũseo?", yaani u mzima? Jibu lake ni "Nĩ mũseo". Kwa watu wengi husemwa "Mwĩ aseo?", nao hujibu "Twĩ aseo". Salamu nyingine isikikayo sana ni "Wakya?", ambayo hujibiwa kwa "Aa". Shukrani ni "Nĩ mũvea". Ndiyo ni "ĩĩ" na hapana ni "aiee". Wakati wa kuagana, anayeondoka humwambia anayebaki "Tiwa nesa", yaani ubaki salama. Usiku husemwa "Koma nesa", lala salama.

Mwanamume wa umri wa baba huitwa "nau", na mwanamke wa umri wa mama huitwa "mwaitũ". Bibi mzee ni "sũsũ", na babu ni "ũmaũ". Kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu si desturi, hata kama jina hilo limeandikwa kwenye karatasi ambayo mgeni ameishika mkononi.

Hesabu husaidia sokoni: ĩmwe, ilĩ, itatũ, inya, itano, thanthatũ, mũonza, nyanya, kenda, ĩkũmi. Pesa ni mbesa. Saa huhesabiwa kwa Kiswahili, kuanzia mapambazuko, na anayeambiwa gari litaondoka saa mbili ahakikishe kama ni asubuhi au usiku.

NJIA NA USAFIRI

Kutoka Nairobi, msafiri hufuata barabara kuu ya Thika na Garissa, hupita Matuu na kufika Mwingi baada ya yapata kilomita 170. Mwingi ndipo anapobadilisha gari na kupanda matatu za kuelekea Kyuso na Tseikuru. Anayetoka Makueni au Mombasa anaweza kuiacha barabara kuu ya Mombasa pale Kibwezi, akapita Mutomo hadi mji wa Kitui, kisha akaendelea kupitia Kabati na Migwani hadi Mwingi.

Safari ya kuanza mapema asubuhi ni bora. Magari ya kwenda vijijini hupungua jua likianza kutua, na joto la mchana ni kali. Kutoka Kyuso kwenda vijiji vya ndani, usafiri wa kawaida ni bodaboda. Bei hukubaliwa kabla ya kupanda, na kofia ya usalama haifai kusahauliwa.

Mgeni achukue pesa taslimu za kutosha akiwa Mwingi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, hutumika hata katika vibanda vidogo, lakini mtandao wa simu huenda ukapotea mabondeni. Vituo vya mafuta ni vichache kadiri mtu anavyokwenda kaskazini, hivyo mwenye gari na ajaze tangi mapema na abebe gurudumu la akiba lililo zima.

Mgeni kutoka nchi ya nje afahamu kuwa tangu Januari 2024 Kenya hutumia idhini ya usafiri ya kielektroniki badala ya viza, nayo huombwa kwa mtandao kabla ya safari. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

MAJIRA NA MITO

Eneo hili lina misimu miwili ya mvua. Ya kwanza huwa kati ya Machi na Mei, nayo wenyeji huiita ũua. Ya pili huanza Oktoba na kuisha Desemba, nayo huitwa nthwa. Mvua za mwisho wa mwaka ndizo ambazo wakulima huzitegemea zaidi. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, na kwa msafiri ndiyo rahisi zaidi kwa barabara, ingawa ndiyo migumu kwa maji. Mvua zenyewe si za kuaminika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilipotea katika maeneo makavu ya Kenya, na mifugo mingi ikafa.

Mito mingi ya Kitui ni ya msimu. Kwa miezi kadhaa huwa barabara pana ya mchanga mkavu ambayo watoto huivuka wakienda shuleni. Mvua ikinyesha milimani, mto hujaa kwa muda mfupi, hata kama palipo na msafiri hapajadondoka tone. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilichukuliwa na maji ya Mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya mito ni moja. Msafiri akifika kwenye kivuko chenye maji yanayokwenda kasi, asimame, ashuke garini na awaulize walio ukingoni. Rangi ya maji haionyeshi kina, na magurudumu ya gari lililotangulia si ushahidi kwamba njia bado ipo. Kungoja saa tatu au nne mto ushuke ni jambo la kawaida kwa wenyeji, na hakuna anayelionea haya. Abiria naye ana haki ya kukataa kuvushwa.

MAJI

Katika Kyuso, maji ndiyo kipimo cha kila kitu. Mmoja wa wageni wa mapema kuandika habari za nchi hii, mmisionari Johann Ludwig Krapf, alijifunza hilo kwa taabu. Mwaka 1849 alifika Kitui na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, na Desemba 3 mwaka huo aliuona Mlima Kenya kutoka huko. Jina la mlima alilolisikia kwa Wakamba ndilo aliloliandika, na ndilo lililozaa jina la nchi. Mwaka 1851 alirudi na kufuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipoufikia mto alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine cha kuyabebea.

Msafiri wa leo na abebe maji ya kunywa ya siku nzima, pamoja na akiba iwapo gari litaharibika. Maji ya kisima au ya mtoni yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.

Zaidi ya hayo, ajue kuwa maji yana wenyewe. Mchanga wa mito mikavu huficha maji chini yake, na wenyeji huyachimbua kwa visima vifupi. Tangu miaka ya 1990, shirika la Sasol limeshirikiana na wanavijiji wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mawe na saruji zinazozuia mchanga mtoni ili ushike maji kama sifongo. Kazi nyingi za aina hiyo hufanywa na mwethya, vikundi vya jadi vya kusaidiana. Kisima kinachoonekana kama shimo tu mchangani huenda ni jasho la familia thelathini. Mgeni hachoti bila kuomba, haogi wala haoshi gari karibu nacho, na hupanga foleni nyuma ya punda na mitungi kama watu wengine. Akialikwa mahali, atumie maji ya kunawa kwa uangalifu, maana huenda mtoto aliyatembelea kilomita kadhaa.

CHAKULA

Chakula cha kawaida ni mũthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, mbaazi au kunde. Mbaazi huitwa nzuu. Mahindi yasiyokobolewa yakipikwa na maharagwe huitwa isyo, na ugali ni ngima. Nyama ya mbuzi hupatikana katika kila kituo cha biashara. Asali ya Mwingi ina sifa kote nchini, nayo hununuliwa vyema kutoka kwa vyama vya wafugaji wa nyuki kuliko kwa mpita njia. Vyondo vilivyosukwa kwa mkono ni zawadi nzuri ya kurudi nayo.

Jambo moja linahitaji tahadhari. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini yalisababisha vifo vya watu 125 kati ya wagonjwa 317, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Anayenunua mahindi au unga ahakikishe kuwa nafaka ni kavu, haina ukungu wala harufu ya uvundo.

AFYA

Malaria ipo, hasa baada ya mvua, na chandarua ni cha lazima. Kitui pia ina historia ya kala-azar, ugonjwa ulioenea sana huko katika miaka ya 1950 na ambao umekuwa ukijitokeza tena mara kwa mara. Huenezwa na usubi wanaojificha katika nyufa za vichuguu vya mchwa. Kukaa karibu na vichuguu jioni si busara. Aliyerudi kutoka eneo hilo na kupata homa isiyoisha, kukonda na kuvimba tumbo, amwambie daktari mahali alipokuwa, kwa kuwa ugonjwa huo hutibika ukitambuliwa mapema.

Nyoka ni hatari ya kweli. Viatu vilivyofunika mguu na tochi usiku huzuia ajali nyingi. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, na akimbizwe hospitalini. Maneno ya kukumbuka ni nzoka, nyoka, sivitalĩ, hospitali, ndakĩtalĩ, daktari, mũtwe, kichwa, ĩvu, tumbo, mwĩĩ, mwili.

Mhudumu wa afya anayehamia huko kutoka kaunti nyingine atafaidika akijifunza maneno hayo katika juma la kwanza. Mgonjwa mzee aelezaye maumivu yake kwa lugha yake huyaeleza yote. Pale mkalimani anapohitajika, ni vyema awe mtu mzima anayekubaliwa na mgonjwa, wala si mtoto wake.

USALAMA NA DESTURI

Wenyeji wa Kyuso wanajulikana kwa utulivu. Tatizo ambalo limejirudia kwa miaka mingi ni mizozo ya malisho na maji kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia, hasa wakati wa kiangazi na katika sehemu za mashariki kama vile Ngomeni. Kabla ya kwenda huko, msafiri amwulize chifu au kituo cha polisi hali ilivyo siku hiyo, na asisafiri usiku. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112.

Katika vilima na vichaka kuna mathembo, mahali patakatifu pa jadi palipo na mikuyu mikubwa. Haifai kukata tawi, kuwasha moto wala kuingia bila mzee wa mahali hapo. Mizinga ya magogo inayoning'inia mitini, iitwayo myatũ, ni mali ya watu hata ikiwa porini. Picha hupigwa baada ya ruhusa. Mavazi ya heshima hupendelewa, hasa makanisani na kwenye mikutano ya chifu.

KUELEKEA TANA

Anayetaka kuona wanyama anaweza kuitumia njia ya Mwingi na Kyuso kufika Hifadhi ya Taifa ya Mwingi, iliyojulikana zamani kama Kitui Kaskazini, na mbuga ya Kora katika Kaunti ya Tana River. Kora ndiko alikoishi George Adamson, mlezi wa simba, hadi alipouawa Agosti 20, 1989. Huduma za watalii ni haba, hivyo gari lenye nguvu, mafuta, chakula na maji ya akiba ni lazima. Ada za mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen, na yafaa zilipwe kabla ya kuondoka Mwingi.

Askari wa mbuga huweza kumweleza mgeni habari za njia ya huko mbele. Lakini kabla ya kufika kwao, katika kila kivuko cha mchanga, wapo wachunga mbuzi wanaojua mto ulilalaje usiku uliopita. Kwao hakuna ada. Kinachotakiwa ni kuzima gari, kushuka na kusema, "Mwĩ aseo?"